Nyumba Iliyotazama Barabara

Mwanangu hakuwa akitoa jasho. Hata tone. Alizaliwa hivyo, na daktari alitueleza wazi: joto likimpanda na kukosa pa kutokea, litamuua. Basi alishinda na fulana iliyolowa, ndoo ya maji haiko mbali, mpaka mtaa mzima ukamwita Kambale. Naye alilipenda jina hilo, akawa anawanunia wanaomwita lile la shuleni.

Ndiyo maana tulimtafuta msanifu majengo. Watu walitucheka: nyumba ya vyumba vitatu, msanifu wa nini? Msanifu mwenyewe, dada mmoja, alikuja kiwanjani jua likiwa la utosi, akakaa juu ya tofali mpaka jua likazama, anaangalia tu linavyotembea. Kisha akachora. Upande wa magharibi, uliopakana na barabara, akaweka ukuta mnene usio na madirisha, na ndani yake stoo, jiko na bafu. Chumba cha Kambale akakipeleka mashariki, nyuma kabisa, ambako mchana kuna kivuli na upepo.

"Umeme ukikatika," akaniambia, "nyumba yenyewe itamtunza."

Nililia, jamani. Hakuna aliyewahi kunipa neno kama hilo.

Mume wangu ni dereva wa masafa, na mimi sikuweza kumpeleka mtoto juani, kwa hiyo usimamizi tukamwachia kaka yake. Shemeji yangu huyo ni mtu wa sifa. Akinunua viatu vipya anapita njia ndefu. Aliitazama ramani akaguna. "Nyumba gani hii inawapa watu mgongo? Mpita njia aone bafu letu?" Akamwamuru fundi aigeuze, nyuma iwe mbele. Kwake yeye vyumba ni vilevile, ukubwa uleule, kuna ubaya gani?

Tulipoitwa kuiona, paa lilikuwa limeshaezekwa. Varanda pana inatazama barabara, na dirisha kubwa la chumba cha mwanangu limelikodolea jua la magharibi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Msanifu alipofika hakugombana na mtu. Aliweka kiganja ukutani, akasema, "Zibeni madirisha ya huku. Mtoboe mengine kule nyuma. Mtoto asilale humu kabla ya hapo."

"Nyumba kipofu!" shemeji akacheka. "Si mnunue feni?"

Mume wangu akatazama chini. "Mke wangu, yaishe. Kaka kahangaika. Tutaziba kiangazi kikikaribia."

Ngojangoja huumiza matumbo. Tulihamia wakati wa mvua, kila mtu akaisifia nyumba, na kiangazi kikatukuta hatujaziba hata kijitundu.

Siku hiyo bomba lilikauka. Kambale alikuwa amelala mchana, feni inamzungukia, nikamlowesha fulana na kutoka kwenda kuchota maji. Nikiwa kwenye foleni, redio ya dukani ikanyamaza. Umeme umekatika. Niliitupa ndoo nikatimua mbio kama mwizi. Nilipofungua mlango, hewa ya mle chumbani ilinipiga usoni. Fulana ilishakauka mwilini. Nilimwita kwa jina la Kambale, nikamwita kwa jina la shuleni. Hakuninunia.

Msibani watu walijaa varandani. Niliwasikia kwa masikio yangu: "Nyumba nzuri, imekaa kwa kutazama watu." Alasiri jua likaingia varandani, likawapiga machoni. Mmoja akainua kiti akahamia nyuma. Wa pili akamfuata. Mwishowe hakubaki mtu, na shemeji naye akapita mbele yangu amebeba kiti chake, anajifuta jasho.

"Unahamia wapi, shemeji?" nikamuuliza, watu wote wanasikia.

"Nyuma huku," akasema, macho chini. "Huku kuna kivuli."

Akakiegemeza kiti kwenye ukuta wa stoo, akaketi. Kwenye ramani, hapo ndipo lilipokuwa dirisha la Kambale.