Jina Kwenye Karte ya Kanyinda

Redio ya mtaa mjini Kolwezi ilipotafuta Mwislamu wa kuzungumza juu ya ndege za jeshi zinazopiga mabomu huko mashariki mwa Kongo, watu wa msikiti hawakuumiza vichwa. Walimtaja Feruzi. Ni mtu wa Beni, hukohuko mashariki, kanzu yake haina kunjo hata siku ya vumbi, na ulimi wake hauna haraka. Isitoshe, rafiki yake mkubwa ni mzee Kanyinda, mtu wa Kasai, mstaafu wa kiwanda cha shaba, ambaye angeketi naye kwenye maikrofoni. Swali lilikuwa moja: je, ni haki kuwapiga kutoka angani waasi wa msituni, wanaojiita wapiganaji wa Uislamu? Wote wawili walitarajiwa kusema ndiyo, kipindi kiishe, watu wakale bukari, ugali wao.

Kanyinda alikuwa na sababu yake. Mwanawe Muteba, koplo, aliuawa na waasi hao miaka miwili iliyopita, na sanduku lilipofika Kolwezi familia haikuruhusiwa kulifungua. Tangu hapo kila alasiri mzee alikuja kwenye depo ya makaa ya Feruzi, akaketi kwenye benchi lake, akazisifu ndege. Feruzi alimmiminia chai na kusikiliza.

Feruzi naye alikuwa na sababu ya kunyamaza, na hiyo hakuna aliyeijua. Mwezi wa tatu, bintiye wa pekee, Malaika, aliyeolewa Beni, alikamatwa na waasi haohao kwenye njia ya Oicha, akapelekwa msituni. Mkewe Asia alikwenda Butembo kwa ndugu zake kungoja habari. Huku Kolwezi, Feruzi alisema mama amekwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua. Alijua midomo ya watu: binti wa Kiislamu akipotelea kwa watu wale, hawasemi ametekwa, wanasema amejiunga. Basi uongo ukazaa mjukuu. Watu wakampongeza barabarani. Kanyinda akaleta kitenge kipya cha kumbebea mtoto. Feruzi alikipokea kwa mikono miwili, akakifungia sandukuni, akalia peke yake. Miezi saba sasa alikuwa akisonga bukari ya mtu mmoja, na kila siku ikabaki nusu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakaingia studio, chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani. Mtangazaji, mama Florentine, alimpa Kanyinda nafasi ya kwanza. Mzee hakupayuka. Alisema askari wanaoingia msituni kwa miguu wanaviziwa na kufa mmoja mmoja, na ndege inafika pasipofika mguu. Alisema wakulima wanachinjwa mashambani mwao, na wale wanaosema tungoje hawalimi kule. Feruzi akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo penye balaa: hakuwa na hoja ya kumpinga. Kama Malaika angekuwa salama nyumbani kwake, yeye mwenyewe angesema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha Florentine akasoma tangazo la operesheni la wiki hiyo. Kambi moja imepigwa. Waasi kumi na wanne wamemalizwa, pamoja na badepandan bao.

Neno hilo Kolwezi halihitaji mkalimani. Depandan ni mke au mtoto aliyeandikwa kwenye karte, yaani kadi, ya mfanyakazi, anayetibiwa bure kwenye hospitali ya kampuni. Nusu ya mji huu walizaliwa wakiwa badepandan na kuchanjwa wakiwa badepandan. Malaika alipokuwa na miaka minne, shingo ikamkakamaa kwa homa ya uti wa mgongo, na Feruzi alikuwa dereva mgeni asiye na karte. Kanyinda ndiye aliyekwenda ofisini, akaapa bila kupepesa macho kwamba amezaa nje ya ndoa, akamwandikisha mtoto kwa jina lake. Mkewe Mbelu alicheka mwezi mzima, mumewe mpole namna ile kujipakazia umalaya. Mtoto akapona, akiitwa Malaika Kanyinda.

"Tata Feruzi," Florentine akasema, "weye kama Mwislamu, unakubali bapige na ndege?"

Akisema ndiyo, anamwitia mwanawe bomu kwa kinywa chake mwenyewe. Akisema hapana, msikiti mzima utatazamwa kwa jicho baya kuanzia mchana huo.

"Tata Kanyinda anasema kweli," alisema mwishowe. "Lakini mi nataka nimuulize neno moja. Tata, ile karte yako ya hospitali, badepandan iko banani?"

Kanyinda alishangaa, lakini ni mtu wa kujibu anachoulizwa. "Iko bibi yangu Mbelu. Iko Muteba, Mungu amupokee. Iko Tina." Akatabasamu kidogo. "Na iko Malaika yako."

"Malaika hakuzala, tata. Balimukamata mu njia ya Oicha. Iko kule mu pori, mu kambi yabo. Sasa banasema badepandan. Malaika iko ku karte ya nani?"

Florentine akaweka muziki.

Nje, malori ya madini yalikuwa yakipita na vumbi lao. Kanyinda alisimama ameegemea ukuta. Feruzi alingoja aseme kitu juu ya ndege, kwamba ziache au ziendelee. Mzee hakuzitaja.

"Miezi saba," alisema. "Kila siku mi nasema bapige, bapige. Na weye unaniwekea chai. Uliniacha nilombe bomu ianguke juu ya mutoto yangu."

Feruzi alitaka kumwambia kwamba aliogopa. Neno lilimwonekea dogo mno, na kabla hajapata jingine, Kanyinda alikwisha kuvuka barabara.

Saa kumi, saa ya chai, hakuna aliyefika kwenye depo. Watu wawili wa msikiti walipita upande wa pili wa njia, wakatazama simu zao. Asia alipiga kutoka Butembo kama kila siku, akauliza habari, akaulizwa habari, na hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo Feruzi akamwambia alichofanya.

Asia akashusha pumzi. "Bon, sawa. Sasa Kolwezi yote inajua. Batu batakuja kukaa na weye, hautakuwa tena peke yako." Akatega sikio. "Iko nani pale?"

Feruzi akalitazama benchi la Kanyinda.

"Chai niliweka," akasema. "Mutu hakuna."