Kabla ya Kupeana Mikono

Watu wa huku wakitaka kumsema Marlys Oleksyn kwa upole, husema ni mwanamke asiyependa kushindwa. Wakiacha upole, husema hajazungumza na mdogo wake Lorna kwa miaka kumi na mmoja, kisa jiwe. Yote mawili ni kweli, na la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Ilikuwa fainali ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu hadi kwenye duara, ambapo jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo hushinda. Marlys alikuwa nahodha, Lorna mfagiaji wake, anayesugua barafu mbele ya jiwe kwa ufagio ili liende mbali na lisipinde mapema. Jiwe likiwa bado linateleza, ufagio wa Lorna uliligusa kidogo. Hakuna aliyeona. Lorna akainua mkono akasema, "Nimeligusa." Ndivyo tulivyolelewa katika mchezo huu. Hatuna mwamuzi wa kukimbia na filimbi kwenye barafu. Aliyegusa husema mwenyewe, kisha nahodha wa upande wa pili huamua jiwe libaki au litoke. Siku ile lilitoka. Marlys akashindwa, akawapa mkono watu wote waliokuwa kwenye barafu, akampita mdogo wake kama anayepita nguzo ya umeme. Tangu hapo Krismasi ya ukoo wao hupikwa katika nyumba mbili, na mama yao mzee hubebwa kutoka moja hadi nyingine kama sufuria ya kuazima.

Sasa Marlys alikuwa na miaka arobaini na sita na goti lililokwisha. Daktari alishapanga kumwekea la chuma mwezi wa nne. Alikuwa amecheza fainali tatu za jimbo na kushindwa zote, na hii ya nne ndiyo ya mwisho, hata yeye mwenyewe alikuwa ameacha kujidanganya. Akishinda, angevaa koti la kijani la jimbo na kwenda kwenye mashindano ya taifa. Asiposhinda, angestaafu kama watu wengi wanavyostaafu, bila kitu cha kutundika ukutani.

Nje ya ukumbi magari yalikuwa yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande kwa baridi. Ndani, nyuma ya kioo, watu walijazana na kahawa zao. Lorna alikuwa kwenye kona yake ya kila mwaka, koti lake limewekwa kwenye kiti cha pembeni mtu asije akakikalia. Marlys hakumtazama. Hakuhitaji kumtazama ili ajue yupo.

Mahali pa Lorna kwenye timu sasa palikuwa pa Darcy, bintiye Marlys, msichana wa miaka ishirini mwenye mabega ya mkulima na sauti ndogo kuliko mabega yake. Alifagia vizuri kuliko yeyote jimboni. Mama yake alikuwa hajawahi kumwambia hivyo.

Mchezo ulifika raundi ya mwisho wakiwa sare. Jiwe la mwisho lilikuwa la Marlys. Jiwe la wapinzani lilikaa karibu na kitovu cha duara, na mbele yake, katikati ya njia, kulikuwa na jiwe jingine la kinga. Ilibidi Marlys alipitishe lake ubavuni mwa kinga, kwenye nafasi ya kiganja cha mkono, lipinde nyuma yake na kusimama karibu zaidi na kitovu. Likigusa kinga, basi.

Bernadette Thiessen, nahodha wa upande wa pili, alikuwa amesimama nyuma ya duara, mikono imekunjwa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mdomo haufungi.

"Mama Oleksyn!" aliita toka mbali. "Goti lako nalisikia mpaka huku. Mwambie lipunguze kelele, watu wanacheza."

"Linakulilia wewe," Marlys akajibu. "Limeona utakavyorudi nyumbani mikono mitupu."

Watu wakacheka. Marlys hakucheka. Alifuta sehemu ya chini ya jiwe kwa kiganja, akachuchumaa, goti likamchoma hadi kwenye nyonga, akajisukuma.

Lilitoka mkononi vizuri. Alijua hivyo kabla vidole havijaachia. Darcy na mwenzake wakaliwahi, mmoja huku na mmoja huku, wakitazama barafu.

"Acheni!" Marlys akapaza sauti, akiinuka na kulifuata akichechemea. "Acheni kwanza... acheni... Haya, fagia! Fagia! Fagia, Darcy, kwa nguvu!"

Darcy alijilaza juu ya ufagio. Jiwe likapunguza mwendo likaanza kupinda, mapema mno, na Marlys akaona kwa uchungu kwamba litagonga kinga. Lilikuwa linagonga. Halafu ufagio wa Darcy ukateleza, ukagusa ubavu wa jiwe, na jiwe likakaa sawa kama mtu aliyeshikwa kiwiko. Likapita. Likazunguka nyuma ya kinga, likasimama juu ya kitovu.

Ukumbi ulilipuka. Wachezaji wengine wawili wa Marlys walikuwa wakikumbatiana na kulia. Nyuma ya kioo watu walikuwa wamesimama. Mwili wa Darcy aliyeinama ulikuwa umemziba Bernadette, na mfagiaji wa pili alikuwa akitazama mbele. Walioona walikuwa wawili tu, mama na binti.

Darcy hakushangilia. Alisimama pale pale, ufagio umeng'ang'aniwa kifuani, akimtazama mama yake.

Bernadette alikuwa ameanza kuvua glavu. Alikuja polepole, mkono uko tayari mbele, uso umemshuka lakini bado anajitahidi kutabasamu. Huku kwetu mkono ukishapeanwa, mchezo umefungwa. Hakuna anayefungua tena.

Sema, Marlys aliwaza. Sema sasa, mtoto. Na hapo hapo moyo wake mwingine ukasema: usiseme. Alilitaka lile koti. Alilitaka kwa aibu, jinsi mtu mzima anavyotaka kitu cha kitoto.

Akamsogelea bintiye.

"Darcy. Una la kusema?"

Darcy alikuwa mweupe kama barafu aliyokanyaga. Akageuza macho haraka kwenye kioo, kwenye ile kona ya mwenye koti kitini, akayarudisha.

"Unataka niseme nini, mama?"

Aliuliza kwa dhati. Hakukuwa na kiburi ndani yake wala ujanja. Alikuwa tayari kusema lolote atakaloambiwa, na tayari kunyamaza maisha yake yote, ili asije siku moja akapitwa kama nguzo. Huyu mtoto ananiogopa, Marlys akawaza, na nimemfundisha mwenyewe, mezani kwangu, kila Krismasi.

"Hongera, wewe bibi kizee," Bernadette alisema, ameshafika. "Sijui umelipitishaje. Lete mkono."

Marlys aliinua mkono. Aliuinua juu, kiganja wazi.

"Tumeligusa," alisema. "Pale kwenye kinga. Ufagio wetu."

Kelele zikafa upande mmoja wa ukumbi, kisha upande wa pili. Mfagiaji mwingine akasema, "Nini? Nani kaligusa?"

Bernadette alirudisha mkono wake chini. Akamtazama Marlys, akamtazama Darcy, akaenda akainama nyuma ya kinga, akapima njia kwa jicho mpaka mwanzo wa barafu. Alichukua muda wake. Alipoinuka, mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Lilikuwa linagonga," alisema.

"Lilikuwa linagonga," Marlys akakubali.

"Basi litoke, Marlys."

"Litoke."

Marlys alilisukuma mwenyewe kwa mguu, lile jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kutupa, likateleza hadi ukingoni likagonga ubao. Kisha wakapeana mikono. Bernadette aliukamata wake kwa mikono miwili.

Darcy alikuwa analia. "Nisamehe, mama. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka."

"Najua." Marlys alimvuta kichwa akakilaza begani. "Hakuna mfagiaji kama wewe jimbo hili lote. Umesikia? Nilipaswa kukwambia zamani."

Kwa desturi, washindi huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, na wote huketi meza moja. Bernadette, akiwa ndani ya koti la kijani lililomkataa vifungo, alileta bia na kuziweka mbele yao. Marlys alimshukuru. Akachukua yake, lakini hakukaa. Alivuka chumba kizima akichechemea, na watu walijifanya wanaangalia simu zao.

Lorna alimwona akija. Hakusogea.

"Umeshindwa," alisema.

"Nimeshindwa."

"Safari ile ulinilaumu mimi. Leo utamlaumu nani?"

Marlys alisimama na bia yake mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, machozi yanamtiririka mbele ya kijiji kizima.

"Mwanangu aliogopa kusema," alisema. "Wewe hukuogopa. Na nilikufanyia vile."

Lorna akanyoosha mkono, akaliondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni.

"Kaa," alisema. "Goti hilo halistahimili."