Kilo za Shatha

Ta. Kimya kidogo. Ta, ta. Nilidhani panya kaingia kabatini. Nikatoka na tasbihi mkononi, nikamkuta mjukuu wangu Shatha ameketi sakafuni, adhana ya alfajiri bado, anafunga na kufungua bizimu za buti zake mpya.

“Kalale, mwanangu.”

“Nimelala khalas, Bibi,” alinijibu kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mashindano. Kambi moja ya watalii nyuma ya Al Mintirib, huku kwetu Omani, ilikuwa imejenga uwanja wa skii juu ya mchanga, na bomba la chuma la kutelezea na kilima cha kurukia. Kila msichana angeruka mara mbili, na mruko wake bora ndio ungehesabiwa. Mmoja tu angechaguliwa kwenda kujifunza kwenye theluji ya kweli. Shatha ana miaka kumi na sita, na theluji hajaiona ila kwenye simu. Mwaka mzima alikuwa akiruka kwa buti za kuazima, zinamchezea miguuni kama ndoo.

Hizi mpya tulizinunua juzi Nizwa, kwa Muadh, anayeuza kamba za kupandia majabali na vifaa vya skii vilivyokwisha kutumika. Mamake, Bi Hafidha, Mpemba kama mimi, alitukaribisha kwa kahawa na halua mle mle dukani. Kiti kilikuwa kimoja. Akanipa mimi, yeye akakalia boksi.

Mimi nilitaka buti kubwa. Tumelelewa hivyo, kiatu cha mtoto hununuliwa na nafasi ya mwakani. Muadh hakunicheka. Alimvisha Shatha jozi moja baada ya nyengine, akanieleza taratibu kwamba vidole viguse mbele mtu akisimama wima, akikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke. Jozi ya kwanza ilikuwa pana. Ya pili ilikuwa ngumu kama jiwe. Hiyo ni ya wanaokimbilia kasi, alisema. Mwenye kuruka hutaka buti inayopinda kidogo, yenye sifongo nene chini ya kisigino, maana hutua kwa uzito wake wote.

“Viatu hii inabana, Bibi,” Shatha alisema kwa ile ya tatu. “Lakini inabana vizuri.”

Tukaja kwenye vifungo, vile vinavyoishika buti kwenye skii. Muadh alisema kifungo kizuri kina kazi mbili, kumshika mtu anapotua, na kumwachia anapoanguka vibaya, asije akavunjika mguu.

“Basi kina akili kuliko mume wangu wa kwanza,” alisema Bi Hafidha. “Yule hakushika wala hakuachia.”

Ili avikaze sawasawa, Muadh aliuliza umri wa Shatha, urefu wake na uzito wake. Shatha alikuwa ameingia ndani kuswali, na dukani walikuwamo wateja wengine. Kwetu sisi kilo za mtoto hazitajwi mbele za watu. Jicho la hasidi lina njaa. Nikamjibu, arubaini na nane. Nilimpunguzia kumi, na nikaona nimemkinga.

Basi siku ya mashindano Shatha aliteremka kilima, akaruka, akazunguka hewani mzunguko mzima, akatua kwa miguu miwili. Nilikwisha kuinua mikono. Mara skii ya kulia ikachomoka peke yake, naye akabingirika mpaka chini.

Alikuja mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba buti ni nzuri na vifungo ni vizuri, kwa hivyo labda asiyefaa ni yeye. Muadh, aliyekuja na mamake kutazama, alikuwa amepiga magoti anakikagua kifungo. Akasema kimeachia mapema mno, kama kilichokazwa kwa mtu mwepesi.

Wanawake waliotoka miji ya Ibra na Sur walikuwa wametuzunguka, wote masikio wazi. Nikamtazama mtoto anayejilaumu kwa kosa langu.

“Si wewe, Shatha, ni mimi,” nikasema. “Ana kilo hamsini na nane. Nilificha kumi kwa kuogopa jicho.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa Sur, ambaye bintiye alikuwa akishindana na Shatha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema mashaallah, tabarakallah. Wengine wakamfuata, mpaka ikawa kama dua ya kumkinga. Muadh akatoa bisibisi, akapangusa mchanga, akakaza vifungo vyote viwili. Akasema kosa ni lake, angalimpandisha mtoto kwenye mizani. Halikuwa lake, lakini alilibeba.

Shatha akanibusu mkono, akapanda tena.

Mara hii alilipita bomba la chuma bila kutikisika, akapaa, akazunguka, skii zikamfuata kama miguu yake mwenyewe. Akatua. Mchanga ukaruka huku na huku. Vifungo vikashika! Akateremka mpaka mbele yetu, amesimama wima, mikono juu, na yule mwanamke wa Sur akapiga kigelegele kabla yangu.

Jina lililosomwa lilikuwa la Shatha. Theluji ataiona.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Hafidha alinifuata mpaka garini, akainama dirishani.

“Mjukuu anasafiri, wewe utabaki na nani? Njoo tena Nizwa. Usije kununua kitu, njoo tu tukae.”