Alama Chini ya Chetezo

Tangu arobaini ya mama yao ipite, Tamim hakuwa amefika kwa dada yake ila kuchukua kitu. Alichukua kabati, akachukua zulia, na Jumamosi hiyo alikuja kuchukua chetezo, akiwa na mnunuzi nyuma yake. Mnunuzi alikuwa Pontien, mzee wa mtaa wa Kigobe anayewauzia wageni vitu vya kale. Pontien alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tamim aliingia na vyake.

Miza alikuwa ameketi mkekani, chetezo kikiwa mbele ya magoti yake. Hakutaka kitu kingine katika mirathi. Kila Alhamisi jioni mama yao, Mwanasiti, alikitia makaa na ubani, akakizungusha vyumba vyote. Na mwaka ule wa mwisho, mikono yake ilipokuwa haishiki tena, Miza ndiye aliyekizungusha huku mama akimfuata kwa macho kutoka kitandani. Lakini Tamim ndiye mkubwa, na alikuwa ameshakata shauri: kikiwa na bei kinauzwa, kisipokuwa nayo Miza abaki nacho.

Nawal, binti wa Miza, alisimama karibu na pazia. Alikuwa amesoma historia ya sanaa Kampala miaka minne, na ndiye aliyekuwa wa kwanza katika familia kukitazama chetezo hicho chini. Siku chache baada ya maziko walikuwa wakikitoa majivu, akaona kwenye kitako alama ya mraba yenye herufi sita za Kichina. Mama yake alikipindua, akakishikilia dirishani penye mwanga, Nawal akapiga picha.

Alipomweleza mjomba wake, alimweleza kwa ile sauti yake ndogo. Alisema chetezo hakikutoka Makka kama walivyoamini wote. Kilitengenezwa China, zamani sana, kwa ajili ya Waislamu wa huko. Ndiyo maana herufi za Kiarabu ubavuni zilikuwa na matumbo manene na mikia myembamba, kama zimeandikwa kwa brashi. Alisema pia kwamba jina la mfalme lililoko kwenye alama halitoshi kueleza umri, kwa sababu mafundi wa baadaye walipenda kuliiga. Ni lazima kutazama mikato yenyewe, uchafu uliolala ndani yake, na rangi ya kahawia ambayo shaba huivaa kwa miaka mingi. Alitaka kumalizia kwamba basi kisiguswe. Hakufika huko.

"Miaka mine ya université," Tamim alimkatiza, "halafu unakuja kuniambia mi kwamba chetezo ya mama ni ya Chine? Kama zile redio za sokoni? We nyamaza. Na mbele ya mutu usifungue kinywa."

Wiki iliyofuata alikichukua kwa siku mbili, akisema kinahitaji kusafishwa. Kilirudi kimefungwa kwenye gazeti, na Miza alifurahi mno kukiona hata asikumbuke kukigeuza.

Sasa Pontien alikipima kwa mikono, akakigonga kwa ukucha na kuusikiliza mlio wake. Alipitisha kidole juu ya herufi za Kiarabu polepole, na uso wake ukaanza kuchangamka. Kisha akakipindua. Kitako kilikuwa kimeng'aa kama kijiko kipya, na mikwaruzo imepita upande mmoja wote.

"Nani alipiga hapa tupa?"

Tamim alieleza kwa fahari. Ni Eddy, fundi wa Cibitoke, kazi safi. Kulikuwa na maandishi ya Kichina, na mteja angeyaona angefikiri ni kitu feki.

Pontien alikiweka chini taratibu. Alisema kuna watu Ulaya wanaotafuta hasa vyetezo vya Waislamu wa China, na kitu cha kwanza wanachotaka kuona ni kitako. Ile alama na ile kahawia ndivyo ambavyo angewaonesha. Sasa hana cha kuwaonesha.

Tamim alimgeukia Nawal. "We ulijua."

"Nilianza kusema, mjomba."

"Ulianza kutukana mama yangu."

"Muache mutoto, kaka," Miza alisema bila kuinua kichwa. "Tupa haikuwa mukononi mwake."

Pontien alikohoa. Aliuliza kama kuna picha yoyote ya alama kabla haijasagwa. Ikiwepo picha safi, alisema, anaweza kujaribu. Bei haitakuwa ile ya kwanza, lakini itakuwa bei.

Simu ilikuwa mfukoni mwa Nawal, na kiganja chake kilikuwa juu yake. Mama yake alimtazama mara moja, kisha akatazama mkeka. Hakumwomba chochote. Hilo ndilo lililomuuma Nawal, kwa kuwa kudanganya hakukujua, na kumnyang'anya mama yake hakukuweza.

"Mjomba," akaanza.

"Nilikuambia nini? Mbele ya mutu?"

"Ninyamaze."

"Basi nyamaza. Apana picha, monsieur. Huyu anapiga picha za chakula tu."

Nawal alinyamaza. Pontien aliutazama mfuko wa msichana kitambo kirefu kidogo, akaaga kwa heshima, akaenda kuvaa viatu.

Tamim alikisukuma chetezo kwa ncha ya kiatu hadi kikagonga goti la dada yake. "Kaa na Muchina wako," alisema, na njiani kutoka akang'oa saa ya ukutani. Hakuna aliyemzuia.

Haikuwa Alhamisi, lakini Miza alitia makaa. Moshi ulipoanza kupanda alinyoosha mkono, na Nawal akampa simu. Aliitazama picha kwa muda, akauliza herufi zile zinasomwaje, Nawal akamsomea zote sita.

"Nimefanya vibaya, mama?"

Miza alimrudishia simu.

"Usiifute," alisema. "Siku mjomba wako atavua viatu mulangoni, utamuonesha."