Jua Lilikuwa Nje

Mjukuu wangu Laurian alitimiza mwaka mmoja hana meno, hakuwa na nguvu za kukaa, na jua hakuwahi kuliota. Mama yake, binti yangu Leah, alishazika watoto wawili. Huyu akamficha chumbani, nyuma ya duka lake la mitumba pale Utemini, macho ya watu yasimfikie.

Mafua yalipompata, mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali.

"Shikamoo, mzee. Kwani mnaishi pangoni?" tabibu aliuliza, akipapasa vifundo vya mikono ya mtoto vilivyovimba. "Mifupa imelegea kwa kukosa jua. Kifua cha namna hii mafua hukishinda upesi."

"Singida hii, jua likosekane?"

"Lipo nje, mzee. Mtoto yuko ndani."

Leah akanishika mkono. "Baba, Loyce!"

Loyce, mdogo wake aliyeko Itigi, alikuwa amejifungua, na Leah ndiye aliyemfundisha kumficha mtoto ndani. Simu yake haikupatikana.

Laurian alikuwa bado anahema kwa oksijeni nilipomwandikia Loyce barua: "Mwanangu, ukisoma hii, mtoe mtoto juani." Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikamkabidhi kondakta wa basi la Itigi.