Kikaratasi cha Karanga

Machage alikuwa ameshavuka geti la zahanati, anaifuata pikipiki ya kumrudisha kijijini Natta, daftari jipya likiwa kwapani. Kambi ya watalii aliyokuwa akiilinda ilitaka wafanyakazi wapimwe damu kila miezi sita, naye kila mara alikuja na daftari jipya. La zamani, alisema, lina ugonjwa wa zamani. Ukilifunua mbele ya daktari umeukaribisha tena. Daktari Stanslaus aliyapenda madaftari mapya, maana hayakuwa na kitu cha kusoma. Alitazama namba ya mashine, akaiona iko ndani ya kiwango, akaandika "Kawaida", akaita mwingine. Mfyatua tofali hana kasi ile.

"Nimepita," Machage alimwambia mkewe Wegesa, aliyekuwa akiuza karanga nje ya geti.

"Umepita, na mkanda umeutoboa tundu la tatu."

"Ni kazi, mama Rhobi."

"Kazi ya kukaa kwenye kiti?"

Wangwe, mlinzi mwenzake, alikuwa ameshapanda pikipiki yake. Naye alipimwa siku hiyo, naye alikuwa kawaida. "Mura, twende," akasema. "Huyo anakutaka mnene akupeleke mnadani."

Nesi Eugenia akatoka, akamwamkia Wegesa shikamoo, akanunua karanga, akaondoka akitafuna. Hatua kumi mbele akasimama. Akakikunjua kile kikaratasi cha karanga, akarudi mdomo umejaa.

"Mzee Machage, hii si damu yako?"

"Ilikuwa yangu. Sasa ni ya karanga."

"Hapa wingi wa damu ni kumi na sita. Leo nimekupima, una kumi na tatu na kidogo. Mama, unayo mengine?"

Wegesa alikuwa nayo yote chini ya sinia, kurasa alizochana kwenye madaftari ya zamani ya mumewe. Eugenia akayapanga kwenye benchi kwa tarehe. Kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu na nusu, na ya leo. Kila moja ina "Kawaida" ya Stanslaus, kwa mwandiko mzuri.

Machage akayatazama kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe wa jirani.

"Mzee," nesi akasema, "ng'ombe wako alitoa lita nane, akashuka saba, akashuka sita, leo tano. Utasema ni kawaida kwa sababu wa jirani naye anatoa tano?"

Machage akayahesabu kwa kidole. Swali la ng'ombe halijibiwi ovyo. "Nitasema kuna mtu anamkamua kwa siri."

"Basi tumtafute huyo mtu. Huenda ni kidonda, huenda ni saratani. Damu haisemi ni nini, inasema tu kuna mahali inavuja. Nenda Mwanza wakuingize kamera tumboni."

"Inapita mlango gani?"

Akamwambia mlango.

Wangwe alicheka hadi pikipiki ikamlalia mguu. "Mura, wezi wa ng'ombe wamekukimbiza miaka thelathini hujawapa mgongo, leo unaupeleka Mwanza mwenyewe?"

Machage akapanda nyuma ya Wangwe. Injini ikawaka.

Wegesa akamimina karanga kwenye kanga, akazikusanya zile karatasi. "Nenda naye. Mimi napanda basi la Mwanza na karatasi zako. Nitawauliza mtu wa kawaida huzikwaje."

Pikipiki ilikwenda kama hatua ishirini. Ikasimama. Machage akashuka, akarudi kwa miguu, hakumtazama mtu.

Mwanza walikuta saratani kwenye utumbo mkubwa, bado changa, haijatoka nje. Wakaikata. Machage analinda kambi ile ile, na tundu la tatu la mkanda hana kazi nalo. Stanslaus alipewa cheti na mwenye zahanati kwa kuigundua mapema. Kimetundikwa juu ya meza yake. Eugenia aliomba wagonjwa waje na madaftari ya zamani, akaambiwa anachelewesha foleni. Sasa yuko zahanati nyingine, Morotonga. Wangwe aliendelea kununua daftari jipya kila mara. Tulimzika kule Natta mwezi wa nne, namba zake zote zikiwa ndani ya kiwango. Wegesa anauza karanga pale pale getini. Anazifungia magazeti.