Mlango wa Ndani

Siku ya fainali ya mbio za kuteleza barafuni Bang Hyeju alitimiza miaka ishirini na sita, na mama yake akamletea supu ya mwani kwenye chupa ya chai, imeviringishwa kitambaa isipoe. Hyeju alifungua kifuniko, akanusa, akakirudisha.

"Mama, leo jamani?"

"Mtu hapitishi siku yake ya kuzaliwa bila supu ya mwani. Onja hata vijiko viwili."

"Mwani unateleza. Umemwona nani anakunywa mwani siku ya mtihani?"

"Kwani nyinyi kazi yenu si kuteleza?"

Chumba kizima cha kubadilishia nguo kikacheka. Pi Soyul naye alicheka, kule mwisho wa benchi alikokuwa akipitisha jiwe la kunolea kwenye visu vya viatu vyake. Alimpenda mama huyu. Soyul alikuja Chuncheon akiwa na miaka kumi na mitatu, peke yake, wazazi wake wakabaki Mokpo na meza yao ya samaki, na mama Hyeju ndiye aliyemfulia soksi majira yote ya baridi ya mwaka ule. Hyeju mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuanguka. Jikunje, alimwambia, inua visu juu, lipe godoro la ukutani mgongo wako, usilipe mguu. Sasa Soyul alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwenye mazoezi ilikuwa imeshapita miezi mingi tangu Hyeju ampite bila kusaidiwa.

Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelisema.

Kocha Ma Taesik alichungulia mlangoni, akamwita Soyul kwa kidole. Wakaingia kwenye chumba cha vifaa, katikati ya makreti ya maji na magodoro ya akiba.

"Niambie, leo wa kwanza nani?"

"Dada Hyeju."

"Wa pili?"

"Mimi."

"Na yule wa Seoul?"

"Tak Yerin hapiti."

"Haya. Mlango utaufungua wapi?"

Soyul alitazama vidole vya miguu yake. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu kwenye timu ya taifa itakayokwenda Olimpiki. Hyeju na Soyul walikuwa wamelingana pointi, Tak Yerin akiwafuata kwa karibu. Atakayetangulia kati yao leo ndiye atakayekwenda. Wengine watarudi nyumbani kungoja miaka minne, na kwenye mchezo huu miaka minne ni umri wa mtu mzima.

"Ikibaki mizunguko mitatu," alisema. "Nikitoka kwenye kona ya upande wa waamuzi."

"Utafunguaje?"

"Ninasogea nje kidogo, apite kwa ndani. Kama miguu imechoka."

"Kama miguu imechoka. Vizuri." Kocha hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Mwaka kesho ni zamu yako."

"Kocha, mwaka jana pia ulisema mwaka kesho. Na mwaka juzi."

Kocha Ma alichukua kofia ngumu mkononi mwa Soyul na kuanza kumgonga nayo kwenye paji la uso, polepole, pigo moja kwa kila neno, kama mtu anayepigilia msumari kwenye ubao laini. "Nani. Alikutoa. Kwenye. Magamba. Ya. Samaki?"

"Wewe, Kocha."

"Hyeju amebakiwa na mwaka mmoja. Wewe umebakiwa na kumi. Hesabu hiyo inahitaji mwalimu?" Akamrudishia kofia yake. "Futa uso. Kuna wapiga picha nje."

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo watu husema. Mbivu za Soyul zilikuwa zikiiva kila mwaka, na kila mwaka zililiwa na mwingine, naye akasimama pembeni akipiga makofi.

Hyeju alikuwa akimngoja kwenye ujia, ameegemea ukuta, mguu mmoja umekunjwa ili goti lake bovu lipumzike. Aliiona alama nyekundu kwenye paji la uso la Soyul, akalamba kidole chake gumba kama anayefuta doa la mtoto, akaisugua.

"Kakugonga?"

"Kidogo."

"Mimi alinigonga kwa kiatu. Una bahati, amezeeka." Hyeju alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza. Mimi niliwafungulia wakubwa wangu miaka minne. Kila mmoja akishapita ananipeleka kula nyama ya kuchoma, ananiambia pole, ananisahau. Wewe sitakusahau. Unataka nikununulie nini? Sema chochote."

"Samaki taa aliyevunda."

"Toka hapa na uvundo wenu wa Mokpo."

"Umesema chochote, dada."

"Nimesema. Basi taa. Nitakula na mimi, nikitapika ni juu yako." Akamshika shingo kwa nyuma, akaukaza mkono. "Ikibaki mitatu. Nitakuja kwa nguvu zote, Soyul. Goti langu halina nguvu ya kujaribu mara mbili. Nitakuja hata kabla sijakuona umetoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Walipoingia uwanjani watu walishajaa hadi kwenye ngazi, wameshika puto za plastiki za kugonganisha. Barafu ilikuwa imetoka kunyunyiziwa maji ya moto na kupigwa msasa na gari lake. Iling'aa kama sahani iliyokaushwa. Wasichana wanne wakajipanga. Tak Yerin, msichana mrefu mwenye macho yasiyopepesa, alimtazama Soyul, kisha Hyeju, kisha akatabasamu.

"Leo nani anamfungulia nani?" aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa.

Bunduki ikalia.

Soyul alitoka wa kwanza. Mwanzoni hakuna anayetaka kukimbia. Wa mbele huikata hewa na wa nyuma wanajibanza kwenye kivuli chake, wameinama, mikono mgongoni. Kisha mwendo ukaanza kupanda. Kwenye kona walilala hadi ncha ngumu za glavu zao za kushoto zikawa zinagusa barafu, wakizunguka vile vipande vyeusi vya mpira vinavyoonyesha mpaka. Yerin alijaribu kupita kwa nje. Soyul alimlazimisha abaki nje kona nzima, akamchosha, akamwacha nyuma ya Hyeju. Kazi yake aliifanya vizuri. Kila mtu aliyeijua kazi hiyo angemsifu.

Kengele ya mwisho ilikuwa bado. Kwenye ubao kukaandikwa tatu.

Mtu anayetaka kupita hapa hangoji nafasi ionekane. Ukingoja uuone mlango uko wazi, utaukuta umefungwa. Wa nyuma huanza kuongeza mbio akiwa bado ndani ya kona, anautupa mwili wake mahali ambapo mwenzake bado yupo, kwa imani kwamba atakapofika mwenzake atakuwa ameshaondoka. Kwa mpinzani hufanyi hivyo ovyo. Kwa mwenzako uliyekubaliana naye, unafumba macho.

Soyul alisikia visu vya Hyeju vikija. Aliijua sauti yao kuliko sauti ya mama yake mzazi: mguu wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo mdogo, kwa sababu ya lile goti. Mkwaruzo ukaongezeka kasi. Ukawa chini ya kiwiko chake.

Alikuwa na nafasi ya kufikiri. Baadaye angetamani sana kusema kwamba hakuwa nayo. Lakini mbio hizi humfunza mtu kuona mambo mengi ndani ya pumzi moja, na ndani ya pumzi ile Soyul aliiona barafu tupu mbele yake, nyeupe, haina mtu. Alitakiwa asogee nje kiasi cha mkono mmoja. Miguu yake haikuwa imechoka. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa haijachoka.

Akabaki pale pale.

Hyeju aliingia mahali ambapo hapakuwa na mahali. Bega lake lilimgonga Soyul kwenye nyonga, kisu chake kikapanda juu ya kipande cheusi cha mpira, na kipande kikaruka. Soyul aliyumba, akaweka mkono chini, akasimama. Hakugeuka. Nyuma yake kukawa na mvumo, kama gunia linaloburutwa, kisha kishindo cha godoro la ukutani, na baada ya kishindo sauti nyingine ndogo, kavu, ambayo watu wa jukwaani hawakuisikia. Wa barafuni waliisikia wote.

Alikimbia mizunguko iliyobaki kama hajawahi kukimbia maishani. Kila alipopita upande ule aliona kwa pembe ya jicho rangi ya nguo ya Hyeju chini ya ukuta, na kila mara alikaza mwendo. Akavuka mstari, Yerin nyuma yake. Yerin akamfikia wakiwa wanapunguza kasi, akamwegemea sikioni akihema.

"Kumbe unajua kufunga," alisema. "Ungeniambia mapema, nisingekudharau."

Waamuzi walitazama picha kwenye mashine yao. Haikuwachukua muda. Aliye mbele ndiye mwenye njia; anayepita ndiye mwenye jukumu la kutomgusa. Ubaoni jina la Bang Hyeju likafutwa kwa kosa la kupita vibaya, na la Pi Soyul likapanda juu. Kwa sheria hakuwa na doa. Alikuwa amefanya kile ambacho mkimbiaji yeyote anatakiwa kufanya, yaani kutopisha.

Kocha Ma alimpokea pembeni mwa uwanja. Wapiga picha walikuwa hatua chache, kwa hiyo alimkumbatia, na ndani ya kumbatio akambana misuli ya shingo mpaka machozi yakamlengalenga. Soyul alingoja matusi. Alijua pia kwamba hayawezi kutoka. Kocha angemshitaki kwa nani, na kwa maneno gani?

"Umejifunza lini?" Kocha alimnong'oneza.

"Nini, Kocha?"

"Usinifanye mjinga." Akamwachia, akamtazama usoni, na Soyul aliona kitu alichokuwa akikitafuta kwenye uso ule kwa miaka sita. Kocha alikuwa anampima upya, kama mchinjaji anavyompima ng'ombe aliyenenepa bila yeye kujua. "Sawa. Tutatafuta mdogo wa kukufungulia wewe. Yupo mmoja wa Daejeon, mtiifu. Sasa cheka, wanapiga."

Soyul akacheka. Wakapiga.

Chumba cha matibabu kilikuwa mwisho wa ujia. Mama Hyeju alikuwa nje ameshikwa na walinzi wawili, analia bila sauti, na alipomwona Soyul alimvuta, akamfuta jasho kwa kitambaa kile kile alichoviringishia chupa. "Afadhali wewe umesalimika," alisema. "Ingia, anakuita. Amekataa kila mtu."

Hyeju alikuwa amelala kwenye machela, uso umekuwa wa kijivu. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka hadi katikati ya muundi, kisha ukaelekea pengine. Kiatu kilikuwa bado kimo, kisu kimeng'olewa. Mganga wa uwanja alikuwa na mkasi mkubwa mkononi.

"Mwambie wewe labda atasikia," mganga alimwambia Soyul. "Kiatu lazima kikatwe. Mguu unavimba."

"Kisikatwe," Hyeju alisema. "Kimechongwa juu ya mguu wangu. Mwaka mzima nilikivaa na malengelenge mpaka kikanizoea, sipati kingine kama hiki. Soyul atanivua. Wadogo ndio huvua viatu vya wakubwa. Ana mkono mwepesi."

Soyul alipiga magoti. Akaanza na kamba ya juu. Kila tundu alilolilegeza, mwili mzima wa Hyeju ulikakamaa, lakini hakupiga kelele. Alikuwa anatazama dari na kuongea kwa haraka, kama anayeogopa kunyamaza.

"Ulikosea kuhesabu. Ulidhani bado mitatu haijafika. Kelele zilikuwa nyingi, zile puto. Hata mimi niliwahi kukosea, Gangneung, nikafungua mapema, Kocha alinipiga hadi nikajikojolea. Ubao ule hauonekani vizuri ukiwa umeinama. Si ndiyo?"

Kamba ya tatu.

"Si ndiyo, Soyul? Ulikosea."

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na Hyeju angelibeba neno hilo hospitalini, angelilalia kama mto, na mwakani mama yake angemfulia Soyul soksi kama kawaida. Mganga alikuwa amegeuka anaandaa sindano. Soyul alilifungulia neno mdomo. Kisha akafikiria kwamba akilisema, ile barafu nyeupe isiyo na mtu haitakuwa yake tena. Itakuwa ya bahati, ya kelele za puto, ya ubao usioonekana. Angekuwa amefungua mlango mara nyingine.

"Sikukosea, dada," alisema. "Niliuona ubao."

Hyeju aliacha kutazama dari. Alimtazama Soyul kwa muda, bila hasira, kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona mgeni. Kisha akauvuta mkono wake, ambao wakati wote ule ulikuwa juu ya nywele za Soyul.

"Daktari," alisema. "Kata."

"Kiatu?"

"Kata tu. Hakina kazi tena."

Mkasi ulikuwa mzito na kiatu kigumu. Mganga alilazimika kutumia mikono yote miwili. Kilipopasuka kisigino Hyeju ndipo alipopiga kelele kwa mara ya kwanza, na mlangoni mama yake akaanza kuwapigapiga walinzi kwa ngumi zake ndogo. Soyul alibaki amepiga magoti, kamba mkononi, hajui aiweke wapi. Mtu wa itifaki aliingiza kichwa, akasema mshindi anasubiriwa jukwaani, matangazo ya televisheni hayamngoji mtu.

"Nenda, unaitwa," alisema Hyeju, uso umegeukia ukutani.

"Dada."

"Usiniite hivyo."

Soyul akaiweka kamba kwenye ukingo wa machela, akasimama, akajifuta magoti, akaenda.